Wadudu Saba wa Mwaka wa Ukame

"Usiguse hilo daftari," kaka mtu alisema. "Mama hana hata wiki mbili kaburini, unataka kumtangaza mwongo?"

"Simtangazi. Aliniambia mwenyewe."

"Alikuwa mgonjwa."

"Mgonjwa wa miguu, si wa kichwa."

Wasikilizaji wapendwa, ndivyo walivyoingia hapa studio asubuhi hii, kaka na dada, wakivutana hata kabla ya kuketi. Leo tunamkumbuka mama yao, fundi wa sare za shule, aliyehesabu wadudu wa bustani yake kwa miaka ishirini na miwili. Ndiyo, wadudu. Miaka ishirini na miwili.

Majirani walimwita Bi Shuka. Kila Jumamosi asubuhi alitandika shuka jeupe chini ya mashina sita ya maharage, akayatikisa mara tatu, akapiga magoti kuhesabu walioanguka. Kisha aliandika daftarini idadi yao na mvua ya wiki ile, aliyoikinga kwa kopo na kuipima kwa rula ya ushonaji.

"Bi Shuka, wageni wangapi leo?" jirani alimtania.

"Wengi kuliko wanaokuja kwako," alijibu bila kuinua kichwa.

Binti yake, muuguzi, alimsaidia kushika shuka na akajifunza. Mvua ikija kwa kiasi, shuka lilijaa. Mvua ikipitiliza, ilisomba vidukari, wale wadogo wanaonyonya majani. Jua likizidi, idadi ilianguka. Hakuna mwaka uliofanana na mwenzake.

Ukaja mwaka wa ukame. Jumamosi moja binti alikuwa zamu, mama akatikisa peke yake. Mara tatu. Hakuna kitu. Akatikisa mpaka majani yakapukutika. Hata sisimizi hakuwepo. "Kulikuwa kimya," alisimulia baadaye, "kama nyumba iliyohamwa, sahani zikaachwa mezani."

Shuka lilikuwa tupu. Akaandika saba.

Alimwambia binti yake hilo siku tatu kabla ya kufariki. "Niliogopa, mwanangu. Niliona nikiandika sifuri, nitakuwa nimewamaliza kwa mkono wangu. Tangu siku ile kila Jumamosi naliona lile shuka tupu kabla sijalitandika."

Mvua zilirudi. Vidukari walirudi katika wiki chache. Wale wekundu wenye madoa meusi, wanaowala vidukari, walichukua miaka mitatu. Saba ikabaki pale pale.

Jumamosi iliyopita binti alikuwa jikoni. Akasikia shuka likikung'utwa nyuma ya nyumba. Akatoka. Hapakuwa na mtu, na kamba ya nguo ilikuwa tupu. Hatuelezi, tunasimulia tu alivyosema.

Sasa mwalimu wa chuo cha kilimo ameliomba daftari, afundishie wanafunzi jinsi wadudu wanavyopungua na kurudi baada ya ukame; yuko hapa mapokezi akilisubiri.

"Wakiona kosa moja watatupa yote," kaka alisema. "Miaka ishirini na miwili, jalalani."

"Na tukilificha, uongo wa mama utafundishwa darasani. Hicho ndicho unachotaka wamkumbukie?"

Kaka alilisukuma daftari katikati ya meza.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole watoto hawa wawili, wajukuu, na wateja waliovaa sare alizoshona. Nawe uliye nyumbani, jiulize: ni lini uliona jambo kwa macho yako, ukaandika lingine kwa hofu? Kama mzazi amekuachia kazi yake, isome yote, hata ukurasa usioupenda.

Tukiwa bado hewani, binti ameomba kalamu. Ameikata saba kwa mstari. Ameandika sifuri, na kando yake: "Shuka lilikuwa tupu. Mama alisema." Ametia sahihi. Amelisogeza daftari kwa kaka yake.

Kaka ameusoma ukurasa ule. Ametia sahihi chini ya ile ya dada yake, amelifunga, amelibeba mwenyewe hadi mapokezi, na amemkabidhi mwalimu mkononi.