Mkunga wa Wodi ya Wanaume

Kijiwe chetu kiko mbele ya geti la hospitali: benchi la mbao, jiko la Mzee Birika muuza kahawa, na sisi tusioishiwa maneno. Mimi nashona viatu hapo pembeni. Kinyozi na Spana, fundi magari, huja kila wakikosa wateja. Asubuhi hiyo hakuna aliyecheka. Mke wa jirani yetu Seremala alikwenda kujifungua jana, akabaki mikono mitupu. Kichwa cha mtoto kilitoka, mabega yakakwama. Nesi wa zamu akahangaika mpaka basi, mtoto akafa.

Kinyozi: — Nesi gani hajui kuzalisha?

Spana: — Cheti kanunua huyo. Siku hizi wanasomea kwenye simu.

Mimi: — Acha hizo. Kuzalisha ni kazi ya mkunga.

Kinyozi: — Si mtu yuleyule! Akishika sindano, nesi. Akishika mtoto, mkunga. Tofauti gauni tu.

Spana: — Mie nasikia mkunga ni nesi aliyefeli. Hesabu za dawa zikimshinda, anapelekwa leba akapige kelele, “Sukuma!”

Mzee Birika akatua birika kwa kishindo. Binti yake ni mkunga.

— Wewe Spana, gari likifa breki unampelekea fundi redio?

Spana: — Aa, hapana, Mzee.

— Lakini si wote mafundi? Nesi anafundishwa wagonjwa wa kila namna: vidonda, upasuaji, watoto, wazee. Uzazi anaugusa, anapita. Binti yangu aliingia chuo cha ukunga moja kwa moja. Mimba, uchungu, mama na kichanga chake. Hayo mabega kukwama wamemfundisha mpaka akawa anayaota.

Kinyozi: — Sasa jana alikuwa wapi?

Mzee akachochea makaa ya jiko.

— Wodi ya wanaume. Anafunga vidonda. Mkubwa wao alisema watu hawatoshi, nesi ni nesi, kila mtu azibe pengo. Mwanangu alizisikia zile kelele za leba kupitia ukutani. Akaomba aende. Akaambiwa abaki alipopangwa.

Mimi: — Akabaki?

— Akabaki. Mwenzake aliwahi kutoka wodini bila ruhusa, wakamfukuza. Tangu arudi hajala, hata na mama yake hasemi.



Hapo Seremala akatokea getini, kakumbatia mfuko wa nguo za mtoto, bado zina mikunjo ya dukani. Tukasogea, akakaa.

— Pole sana, mwanangu, — Mzee akamwambia, huku akimmiminia kahawa.

— Nimeshapoa, Mzee. Hivi, binti yako si mkunga wa humo ndani?

— Ndiye.

— Jana alikuwepo kazini?

Kinyozi akainama, akatazama viatu vyake. Spana akaondoka bila kuaga. Kahawa ikajaa kikombeni, ikafurika, ikamwagika mchangani, na Mzee akaendelea kumimina.