Mama Wakio wa Mwanda na Homa Iliyomponya

Karibuni tukae pamoja, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Mama Wakio, mkulima wa Mwanda, aliyezikwa Jumamosi kwake milimani. Mama Wakio aliugua saratani ujanani, akapona. Alipona bila dawa. Na kupona huko ndiko kulikomnyima raha maisha yake yote.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita. Uvimbe ulimtoka begani, mgumu kama jiwe, akashindwa kuinua jembe. Mumewe, Mwandawiro, akamteremsha hadi hospitali moja ya Voi. Daktari akaukata. Ukarudi, mkubwa kuliko wa kwanza. Daktari akamwambia Mwandawiro amrudishe mkewe nyumbani akapumzike. Mwandawiro akaelewa.

Kabla hawajaondoka, kidonda cha kisu kikaingiwa na vijidudu. Ngozi ikawa nyekundu, ikawaka moto mpaka shingoni. Homa ikampanda, akawa anazungumza Kidawida, lugha ya kwao, na mama yake aliyekufa zamani. Mwandawiro akatuma habari nyumbani watu wajiandae.

Lakini homa iliposhuka, wasikilizaji wapendwa, uvimbe ulikuwa umelainika. Ulikuwa unanywea.

Daktari alisema amewahi kusoma habari za wagonjwa wa namna hiyo ng'ambo. Huenda homa iliwaamsha askari wa mwili, nao wakaushambulia uvimbe. Ila wengi, akaongeza, homa hiyo huwaua.

Kitanda cha pili alilala Nzembi, mke wa Kituku, fundi wa reli. Naye alikuwa na uvimbe, pajani. Alisikia kila neno. Siku moja Wakio alipofunguliwa bendeji yenye usaha, Nzembi akamwomba kwa sauti ya chini:

"Dada, nipe hicho kitambaa. Nitajifunga mwenyewe."

"Kitakuua, Nzembi."

"Na hiki kilicho pajani kinanifanya nini?"

Wakio aliichukua bendeji, akaitia kwenye jiko la wodi, Nzembi akiangalia. Nzembi akageukia ukuta.

Wakio alipopata nafuu akaruhusiwa, akapanda kwao Mwanda. Uvimbe ukaisha kabisa. Kila siku ya soko alisema atateremka Voi kumwona mwenzake. Hakuteremka. Mvua za vuli zilipoanza, habari ikamfikia: Nzembi amefariki.

Binti wa Mama Wakio, Dinah, anatusimulia: "Mama alikuwa akipalilia mahindi, mara anasimama, anamjibu mtu tusiyemwona. 'Kitakuua,' anasema. Kisha anainama tena. Sisi watoto tulizoea. Hatukuuliza."

Uzeeni, muuguzi mmoja alimweleza kwamba siku hizi kuna dawa za kuiamsha kinga ya mwili ipigane na saratani. Mama Wakio akauliza kama Nzembi angepona kwa kile kitambaa. Muuguzi akasema hakuna ajuaye. Pengine homa ingemuua mapema zaidi.

Dinah anakumbuka mama yake akisema: "Kumnyima, nilimnyima kwa huruma. Lakini kutokwenda kumwona, ile ilikuwa hofu tu."

Dinah na nduguzo, poleni sana. Nanyi jamaa ya Kituku, popote mlipo, poleni, ingawa msiba wenu ni wa zamani.

Wasikilizaji wapendwa, labda yuko mgonjwa aliyewaomba kitu mkashindwa kumpa. Bado yuko pale kitandani. Nendeni mkamwone.