Kipa Aliyekuwa Akidaka Hewa

Kijiwe chenyewe kipo ubavuni mwa duka lililofungwa, ng'ambo ya kinjia chembamba kinachotazamana na geti la shule ya msingi. Benchi ni moja, la mbao, lina miguu mitatu. Wa nne ulivunjika siku za mvua, na mahali pake pamesukumiwa kifurushi cha gunia, kimefungwa kamba barabara. Upande huo hukaa Mstaafu, karani wa zamani, maana anasema unanesa kama kiti cha mkurugenzi. Katikati hukaa Redio, kinyozi, ambaye wateja wake husubiri na nusu kichwa mpaka habari iishe. Mwisho, karibu na sanduku lake la nyuzi na gundi, hukaa Fundi Sindano, mshona viatu. Shangazi mwenye birika la kahawa hakai. Anasema akikaa watamkopa. Fundi Sindano hapindishi maneno, na hasira yake hufika mahali kabla yeye hajafika. Siku hiyo ilikuwa imewahi tangu asubuhi.

— Jumamosi! alisema, akapiga goti lake ngumi. Jumamosi shule jirani inakuja kucheza, binti yangu anasimama golini, mwaka wake wa kwanza timuni, na mtoto hajawahi kudaka mpira hata mmoja!

— Si wewe ulisema ndiye kipa bora shuleni? aliuliza Redio.

— Ndiye. Hajafungwa muhula mzima.

— Sasa unalia nini?

— Hajafungwa kwa sababu mpira hamna! Wanacheza hewa, bwana wee. Mwalimu anapuliza filimbi, watoto wanakimbiza hewa. Mmoja anapiga shuti hewa, anapiga kelele "Goli!" Binti yangu anajirusha, anakumbatia tumbo lake, anasema "Nimedaka." Nani atambishia?

Shangazi alicheka hadi kikombe alichokuwa akijaza kikafurika.

— Cheka tu, Shangazi. Mimi nilijua kabla sijaambiwa. Shule ile naisoma kwa viatu. Muhula wa kwanza ni mbio, naletewa soli zilizokwisha. Muhula wa pili ni mpira, naletewa ncha zilizofumuka, vidole vinachungulia nje. Wa tatu ni kuruka kamba na viungo, visigino vinabanduka. Kila mwaka hivyo hivyo. Mwaka huu muhula wa pili unakwisha, sijashona ncha hata moja! Nikasema hapa kuna mtu kaula mpira wa watoto.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Mstaafu, akanesa.

— Hapo umenena. Mwizi yuko humo humo ndani.

— Mimi sioni wizi, Redio alidakia. Hayo ni maendeleo. Mpira wa hewa haupasuki, hauingii kwa jirani mwenye mbwa. Dunia yote inakwenda huko. Kesho watasoma bila vitabu, keshokutwa watanyolewa bila wembe.

— Na wewe utakula bila mdomo, alisema Shangazi.

— Tena ni mbinu, Mstaafu alikohoa kikarani. Mtoto aliyezoea kudaka kisichoonekana, ukimletea kinachoonekana atakiona kikubwa kama nyumba. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Isipoingia leo itaingia kesho. Methali haina haraka.

Redio alishusha sauti, ishara kwamba uongo mkubwa uko njiani.

— Haya, niwape ya ndani. Kuna lori. Linazunguka mashule yote, linanunua mipira kwa siri, inayeyushwa, inatoka kandambili. Mstaafu, hizo zako umenunua wapi?

Mstaafu aliirudisha miguu chini ya benchi.

— Unatembea juu ya mpira wa watoto, mzee!

— Mimi? Mstaafu aliruka, akatua, akanesa mara mbili. Mimi nimefanya kazi ofisini mpaka mvi, sijawahi kukalia mali ya umma hata siku moja!

— Nyamazeni! Fundi Sindano alisimama. Nyinyi mnafanya mzaha. Jana mtoto kaniuliza, "Baba, mpira una uzito gani?"

Shangazi aliweka birika chini.

— Ulimjibuje? aliuliza Shangazi, taratibu.

— Nikamwambia, kama papai. Akaenda jikoni, akamwambia mdogo wake amrushie papai. Sasa mama yake hasemi na mimi. Lakini sicho kinachoniuma. Kinachoniuma ni Jumamosi. Watoto wa shule jirani watamcheka, na mtoto akichekwa golini hasimami tena hapo. Kesho naingia kwa mwalimu mkuu. Simzungukii. Namwambia, mwizi ni wewe au unamjua!

Geti la shule lililia. Akatoka mwalimu wa michezo, msichana mwenye filimbi shingoni, aliyehamia pale mwanzoni mwa muhula huo. Hakuwahi kunywa kahawa kijiweni. Leo alivuka kinjia.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alisema Mstaafu.

Fundi Sindano alimwendea kidole kikiwa mbele.

— Wewe ndiye unayewafundisha watoto wetu mazingaombwe?

— Shikamoo, baba.

Kidole kilibaki hewani, hakijui pa kwenda. Marahaba nayo ni deni.

— Marahaba, alisema Fundi, kwa hasira. Mpira uko wapi?

— Hata mimi nautafuta. Nimekuta filimbi tu. Mwalimu aliyekuwepo aliniambia mpira ulifumuka mwisho wa muhula wa kwanza, akaupeleka kwa fundi, kisha akahamishwa. Hakuniambia fundi gani. Naomba kuuliza, wazee wangu. Mtaa huu una mafundi wangapi wa kushona ngozi?

Redio alichungulia ndani ya kikombe chake. Mstaafu aliacha kunesa. Shangazi alitazama sanduku la nyuzi, akatazama gunia, akaziba mdomo kwa kitenge.

Fundi Sindano alikumbuka mvua. Alikumbuka mpira aliouziba vizuri, akaufunga guniani usilowe, mwenyewe asije, mguu wa benchi ukavunjika, naye akasema, tuweke hiki kwa muda.

Mtu wa kupindisha angekohoa, akaomba kahawa.

— Mstaafu, inuka, alisema.

— Kwa nini mimi?

— Inuka, umemkalia binti yangu!

Akavuta gunia. Benchi likainama, Redio akaenda nalo, Mstaafu akamfuata. Kamba ikakatwa, mpira ukatoka, mviringo, nyuzi zimekazwa moja moja.

— Umeshonwa vizuri, alisema mwalimu.

— Mimi sibabaishi kazi, Fundi alijibu kabla hajajizuia.

— Nimesikia. Haya, baba, daka.

Akaupiga kidogo tu, kwa upande wa mguu. Fundi Sindano alijirusha kwa moyo wote, akakumbatia tumbo lake. Mpira ulimpita, ukaangusha birika, ukavuka kinjia.

— Nimedaka, alisema Fundi, macho kayafumba.

— Umedaka nini, na kahawa yangu yote iko chini! alisema Shangazi.

Getini watoto walikuwa wakitoka. Mmoja aliuona mpira ukija, akatupa mkoba, akauangukia kwa kifua kizima, asiuachie.

— Baba! alipiga kelele. Mbona mwepesi kuliko papai!