Mzee wa Ndoo ya Udongo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, dukani, na ninyi mnaopalilia huku redio imewekwa kwenye tuta, karibuni. Leo tunamkumbuka Nestory Shigela, mkulima wa mpunga huku upande wa Misungwi. Ametutoka akiwa na miaka sabini na mmoja. Nestory Shigela, yule mzee wa mabuti.

Mabuti ya mvua aliyavaa shambani, sokoni, hata kanisani. Mkewe, Mama Odeta, aligomba mpaka akachoka. "Aliyavua siku ya harusi ya binti yetu tu," anasema, "na ibada haijafika katikati akaanza kulalamika kwamba viatu vinambana."

Sasa, wasikilizaji, msimu huu mvua ilipitiliza. Maji yalituama kwenye majaruba, yale mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa matuta, mpunga ukaoza wote. Serikali ikatangaza kifuta machozi: aliyepoteza mazao angelipwa, baada ya wataalamu kuja kukagua. Watu wakaambiwa wasubiri.

Kusubiri, Mzee Nestory alikuwa hakujui. Maji yalipoanza kupungua alipita nyumba kwa nyumba. "Pandeni dengu! Unyevu huu haumngoji mtu wa ofisini." Ndivyo walivyolelewa kule: maji yakiondoka mbugani, dengu inaingia. Familia kumi na mbili zikamsikiliza. Shamba lake yeye, lililo bondeni kabisa, likabaki tope, kwa kuwa alikuwa akihangaika na mashamba ya wenzake.

Wiki tatu baadaye wataalamu wakafika. Wakaona dengu imechipua, wakaandika: hakuna hasara. Familia kumi na mbili zikakatwa kwenye orodha ya malipo. Zilikatwa kwa sababu zilimsikiliza Mzee Nestory. Na yeye, mwenye tope, jina lake likapita.

Rose Mihayo, mjane mwenye watoto watano, alikuwa mmoja wa waliokatwa. "Alikuja kwangu," anakumbuka. "Nikamwambia, shikamoo baba. Hakuitikia. Akasema, 'Rose, nimekuponza.'"

Hapo pameniuma, wasikilizaji. Mzee yule, mtu wa maneno mengi, kushindwa hata kusema marahaba!

Kesho yake akachukua jembe na ndoo. Akachimba katikati ya dengu ya Rose, akatoa mabonge ya udongo. Ndani yake mlikuwa na mashina ya mpunga uliooza, na mizizi ya dengu imepita humo humo. Akasafiri na ndoo yake mpaka mjini, akaitua kwenye meza ya ofisi, juu ya makaratasi.

"Mwanangu, wewe uliangalia majani," alimwambia Yeremia, mtaalamu aliyekagua. "Hasara yetu iko chini."

Akatolewa nje. Akarudi. Mara nne alikwenda na ndoo ile. Akaonywa kwamba jina lake limeshapita, asije akajiharibia. Akajibu, "Basi lifuteni, mpaka ya wenzangu yarudi."

Mara ya tano Yeremia alifuatana naye mpaka shambani. Majina kumi na mawili yakarudishwa. Mzee Nestory, anasema Rose, aliuliza tu kama chai ipo.

Wiki moja baadaye moyo wake ulisimama. Malipo yalikuwa bado hayajatoka. Walipomaliza matanga, zile familia kumi na mbili ziliteremka bondeni na majembe. Zikapanda dengu kwenye tope la mzee, maana unyevu ulikuwa bado upo.

Majuzi Yeremia alikuja kuhakiki kwa mara ya mwisho kabla ya malipo. Akakuta shamba la marehemu limekuwa la kijani. Mama Odeta akaingiwa na hofu. Lakini Yeremia hakuandika kitu. Aliomba jembe.

Mama Odeta, binti yako Winnie pale Mkuyuni, na familia zote kumi na mbili, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe mzee wetu, na mabuti yake.

Na wewe msikilizaji, hasa unayeshika kalamu inayoamua riziki ya mwenzako, jiulize leo: ulichimba, au uliangalia majani?