Orville Tveit, Aliyelala Katikati ya Mahubiri

Baada ya miaka thelathini na minane ya kulitunza kanisa la chuo chetu, Orville Tveit anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Mei. Jumuiya ya Wanafunzi imepewa heshima ya kuandika wasifu huu, nasi tunajua kwamba yeye angependa nafasi hii itumike kwa ratiba ya kuzoa theluji.

Mtoto huyu wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliajiriwa kuendesha boila, mtambo wa kupasha kanisa joto, kwa msimu mmoja tu wa baridi. Tangu hapo amewahudumia wachungaji sita na kuwatoa popo kumi na saba ndani ya mabomba ya kinanda. Mwaka ule dhoruba ilipokata umeme siku tatu, aliwalaza wanafunzi mia na arobaini katika ukumbi wa chini, akawalisha viazi na nyama ya kusaga alivyooka mkewe, Ardis.

Lakini tuseme na lililo gumu. Katika miaka hiyo yote Orville hakuwahi kuketi ibadani. Alisimama mlangoni, sikio moja kwa mhubiri, la pili kwa boila. Aliamini, na alikiri bila haya, kwamba Mungu humpenda mtu kwa kadiri ya theluji aliyozoa. Vuli iliyopita moyo ukamgomea, akalazwa siku tisa. Daktari alimwonya kwamba asipopunguza kazi hataiona Pasaka.

"Nitapumzika nikifa, daktari," alijibu.

Ardis hakuinua hata macho kutoka kwenye ufumaji wake. "Basi harakisha. Suti yako ya mazishi nimeshaipiga pasi."

Tungenyamazaje sisi wanafunzi? Ni chuo gani kinachohubiri pumziko la Kristo huku mtumishi wake akianguka kwa uchovu? Tuliandika tamko lenye vipengele vinane. Tuliandamana, watu kumi na mmoja, katika baridi ya kugandisha kope, tukidai Orville apewe Jumapili yake. Tulipofika kwenye ngazi za kanisa, tulimkuta mdhulumiwa wetu akituzolea theluji ili tupite. "Taratibu, wanangu, hapo panateleza," alisema, kisha akatuazima nyundo ya kupigilia bango.

Uongozi ulikubali madai yote. Aliyeyakataa ni Orville.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, Ardis alimpokonya funguo mbele ya watu. "Wewe ni fundi wa boila, mzee. Mwokozi tunaye tayari. Kakae!"

Akatafuta pa kukaa. Nani asiyetujua sisi Walutheri? Mabenchi ya nyuma hujaa dakika ishirini kabla ya kengele, na la mbele hukimbiwa kana kwamba lina ndui. Likabaki hilo hilo, chini kabisa ya mimbari. Mchungaji Solveig Brandvold alihubiri juu ya wito wa Yesu kwa waliochoka, na kabla hajamaliza hoja ya kwanza, Orville alikuwa amelala, akikoroma kwa besi iliyotulia kuliko ya kwaya yetu.

Mchungaji alishusha sauti hadi mnong'ono, akaufuta wimbo wa mwisho, akatubariki kwa ishara ya mkono. Watu mia mbili walitoka wakinyata, buti mikononi, wakijiuma midomo wasicheke.

Alipozinduka aliuliza, "Boila je?"

"Inawaka," Ardis akamjibu.

"Na ibada?"

"Mungu alikuja, mzee. Hata hakungoja umfungulie mlango."

Orville alilia kidogo, akacheka zaidi. "Kumbe miaka yote hii alikuwa ananiambia nikae," alisema. Kesho yake aliandika mwenyewe barua ya kustaafu, mistari miwili, mwandiko umetulia.

Mzee Orville, vitabu vingi tumesomeshwa hapa kuhusu neema, lakini wewe ulitufundisha ukiwa umefumba macho. Ahsante kwa kila asubuhi tuliyoingia kanisani pakiwa na joto. Tunakutakia, wewe na Ardis, Jumapili nyingi ndefu zisizo na kazi. Na mkikoroma, mkorome katika amani ya Kristo.