Maji Pale Alipoanguka

Basi lilipovuka Jangwani, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa amempakata mwanawe aliyelala fofofo. "Ameanguka asubuhi toka juu ya mpera," alimwambia jirani yake wa kiti, mama wa Kichaga mwenye rozari shingoni. "Nikapamwagia maji pale alipoanguka, kama kawaida, akanyamaza. Nampeleka kwa bibi yake Kariakoo akamkande."

"Ametapika?"

"Mara mbili. Mapera mabichi hayo."

"Usishuke Kariakoo, dada. Basi hili linafika hospitali."

"Kwa usingizi tu? Si watanicheka!"

Kondakta naye akasema watoto huanguka kila siku. Basi zima tulikuwa madaktari, na hakuna aliyemgusa mtoto.

Mama wa Kichaga akasema polepole, "Wangu naye alipoanguka, majirani walimwaga ndoo nzima. Akalala hivi hivi, vizuri tu."

Mwenzake hakuuliza kilichofuata. Basi likasimama Kariakoo. Akamtikisa mwanawe bega. "Shomari, tumefika." Kisha akaita kwa nguvu zaidi. "Shomari!"

Kondakta hakupiga kengele. Sote tukanyamaza, ili mtoto asikie.