Injini ya Kornel na Mlima wa Kasanga

Kijiwe chetu kipo nyuma ya stendi, Sumbawanga mjini, mahali ambapo upepo hauna adabu hata saa nne asubuhi. Benchi moja, birika la Monika la kahawa, na sisi wajuaji wa kila kitu. Jumamosi ile pikipiki ya Kornel ilikuwa mbele yetu, injini imefungwa upya, haijapigwa kiki. Kesho yake Kornel na mshenga wake, Mzee Wiliam, walitakiwa Kasanga kupokea jibu la posa ya Rozina. Safari ya kwanza pikipiki ilikata pumzi wakati wa kupandisha mlima wa kurudi, mzee akaisukuma na suti yake, wakwe wanatazama kutoka chini. Ameapa hasukumi tena, na posa bila mshenga haiendi. Nilimhurumia Kornel kweli, maana kahawa yake ilikuwa imepoa hajaigusa.

— Tulia, mdogo wangu, alisema fundi Loth, tunayemwita Kompresheni. Nimekuwekea pistoni ya injini kubwa, ya cc mia mbili, ile ndefu, yenye kichwa kilichovimba. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haba iko wapi hapo? nikamuuliza.

— Ndiyo niliyoitoa.

Evans alidakia. Huyu alifika Mbala mara moja tu, tangu hapo tunamwita Zambia.

— Na hedi, kile kifuniko cha juu ya bloku, nimemletea mimi, ya Zambia halisi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji nani?

— Bloku. Si ilikuwa inaumwa?

Mzee Wiliam aliitazama ile hedi kwa wasiwasi.

— Tukifika Matai isije ikakata kona ya Kasesya, mpakani, ikarudi kwao.

— Inawezekana, mzee, Zambia akajibu bila kucheka. Ndiyo maana nimemwambia Kornel ashike usukani kwa mikono miwili.

— Hamjasikia kamshafti, akasema Loth. Hiyo ndiyo inayosukuma valvu, vile vilango vya hewa, zifunguke. Ya zamani ilikuwa inasukuma kivivu. Nimefunga ya mashindano, inazishusha valvu mpaka chini kabisa. Itavuta hewa yote ya Ufipa.

— Na sisi tutavuta nini?

— Subira. Subira yavuta heri.

— Mshikaji mmoja Mbala alifunga hivihivi, akasema Zambia, akavuka mto pasipo na daraja.

— Mto kitu gani? Niliyomfungia jamaa wa Mwimbi ilipanda mlima ikiwa imezimwa. Mwenyewe alishashuka, anaikimbiza.

Hapo hata Kornel akacheka, akakumbuka kikombe chake. Loth akainuka, akaweka mguu kwenye kiki.

Ndipo akatokea Bertilla, shangazi yake Rozina, ametoka kushuka basi la Kasanga na ndoo ya migebuka, samaki wa ziwani. Kornel aliruka kama kakalia kaa la moto.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba, baba. Hii ndiyo ya kesho?

Loth akamweleza yote, pistoni, hedi na kamshafti, kwa madaha. Mama wa watu akasikiliza kwa utulivu kama yuko misani.

— Sasa fundi, pistoni umeweka ndefu, nayo inapanda. Valvu nazo zinashuka mpaka chini kabisa. Zikikutana humo ndani, nani anampisha mwenzake?

Loth akautoa mguu kwenye kiki, polepole. Zambia akachungulia ndani ya kikombe chake.

— Fundi? akasema Kornel.

— Hilo linategemea malezi, akajibu Loth.

Benchi zima likaangua kicheko, isipokuwa Kornel.

— Shangazi, basi la kesho linatoka saa ngapi?

— Alfajiri, baba. Rozina kanituma niwawekee siti mbili, ya mshenga iwe ya dirishani. Kasema safari hii mtu wake asije akachelewa.

Mzee Wiliam ndiye aliyeelewa wa kwanza, akampiga Kornel begani.

— Mtu wake, umesikia? Jibu ndilo hilo, kijana. Kesho tunakwenda kula samaki tu.